PIKIPIKI ZA MKAHAWANI: FIZIKIA YA KUUNDA UPYA PIKIPIKI KUUKUU

Utangulizi

Mwalimu wa fizikia aghalabu hupata taabu ya kuwapatia wanafunzi wake mfano mmoja unaokusanya pamoja kani, nishati, joto, ukinzani wa hewa na uimara wa vyuma. Mfano huo upo, nao huonekana kila siku barabarani: ni pikipiki. Katika makala haya tutaitazama pikipiki ya namna ya pekee, ambayo haikutoka kiwandani kama ilivyo, bali iliundwa upya na mwenyewe kutokana na mashine kuukuu. Waingereza waliiita ‘kafe resa’, yaani pikipiki ya mbio za mkahawani. Tutaeleza asili yake, kisha tutachunguza kila badiliko linalofanywa: linaleta faida gani, na linadai malipo gani. Maana katika ufundi, kama katika biashara, hakuna kinachotolewa bure.

Asili ya jina

Kando ya barabara iitwayo North Circular, jijini London, ulifunguliwa mwaka 1938 mkahawa wa madereva wa malori ulioitwa Ace Cafe. Uliharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya mwaka 1949. Kwa kuwa ulikuwa wazi usiku na mchana, vijana wenye pikipiki waliufanya kuwa baraza lao. Husimuliwa kwamba kijana aliweza kutia sarafu katika mashine ya kupiga santuri, akatoka mbio kwa pikipiki hadi mahali palipokubaliwa, na kujaribu kurejea kabla wimbo haujakwisha. Lengo la kila mmoja lilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161 kwa saa. Nchi hiyo haikuwa na kikomo cha jumla cha mwendo katika barabara za nje ya miji hadi Desemba 1965, ilipowekwa maili 70 kwa saa; na kuvaa helmeti hakukuwa sharti la kisheria hadi mwaka 1973. Vijana wengi walipoteza maisha. Mkahawa wenyewe ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena mwaka 2001 kama mahali pa kumbukumbu na mikutano ya wapenda pikipiki.

Vijana hao hawakuwa matajiri. Pikipiki za mashindano ziliuzwa kwa bei wasiyoiweza, hivyo walinunua vipande na kuviunganisha. Muungano uliosifika kuliko wote uliitwa Triton: injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Fremu hiyo, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini, ilianza kutumika katika mashindano mwaka 1950, na mwaka huohuo Geoff Duke aliitumia kushinda mbio za Senior TT katika Kisiwa cha Man. Mpanda pikipiki mmoja wa kampuni, Harold Daniell, aliilinganisha na kitanda cha manyoya kwa jinsi ilivyotulia, na jina Featherbed likabaki. Fremu za namna hiyo zilipatikana kwa sababu ya ajabu kidogo. Waundaji wa magari madogo ya mashindano yenye injini ya sentimita za ujazo 500 walizitaka injini za Norton. Kampuni haikuuza injini pekee, kwa hiyo walinunua pikipiki nzima, wakaichomoa injini, na kuiuza fremu. Triumph nayo ilikuwa na injini yenye nguvu na rahisi kuitengeneza, lakini fremu zake hazikusifika kwa utulivu. Kijana mwenye spana na subira aliviunganisha vitu viwili ambavyo viwanda viwili havikuviunganisha.

Injini: faida na malipo yake

Tuchukue mfano wa injini ya Triumph Bonneville T120, iliyotolewa kwa ajili ya mwaka 1959. Ina silinda mbili. Kipenyo cha kila moja ni milimita 71, na mpigo wa pistoni ni milimita 82. Mwanafunzi aweza kuhakikisha mwenyewe kwamba ujazo wa silinda moja ni sentimita za ujazo 324.7, na wa mbili pamoja ni 649. Uwiano wake wa mgandamizo ni 8.5 kwa 1, nayo hutoa nguvu za farasi 46, yaani kilowati 34 hivi, katika mizunguko 6,500 kwa dakika. Hapa tunatumia neno ‘nguvu’ kwa maana ya kazi inayofanywa katika kila sekunde. Msukumo au mvuto tutauita ‘kani’.

Tamaa ya kwanza ya mwundaji ni kuizungusha injini kwa kasi zaidi. Na aangalie. Katika mizunguko 6,500, pistoni husafiri kwa wastani wa mita 17.8 kwa sekunde, lakini husimama kabisa mara mbili katika kila mzunguko, juu na chini. Kuisimamisha na kuirudisha kunahitaji mchapuko wa karibu mita 19,000 kwa sekunde kwa sekunde, yaani karibu mara 1,900 ya mchapuko wa uvutano wa dunia. Konrodi na bolti zake ndizo zinazobeba kani hiyo. Kwa kuwa mchapuko hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko, mtu akipandisha mizunguko kutoka 6,500 hadi 7,500, yaani asilimia 15 tu, kani katika konrodi huongezeka kwa asilimia 33. Chuma kilichotumika miaka sitini hakikuahidi kustahimili hivyo.

Jambo la pili ni mtikisiko. Pistoni zote mbili za injini hii hupanda pamoja na kushuka pamoja, ingawa huwaka kwa zamu. Ili kuzisawazisha, krankishafti huwekewa vizani upande wa pili. Lakini kizani huzunguka, wakati pistoni hupanda na kushuka tu. Kikitosha kuifuta kani yote ya juu na chini, huzaa kani mpya ya mbele na nyuma. Kwa hiyo fundi hawezi kuuondoa mtikisiko. Huchagua tu uelekee wapi. Injini ikihamishwa kutoka fremu moja hadi nyingine, uchaguzi wa zamani huenda usifae tena, na ndiyo maana Triton nyingine hutulia na nyingine huiacha mikono ya mpandaji ikifa ganzi.

Jambo la tatu ni mchanganyiko wa hewa na petroli. Ili petroli iungue yote, gramu moja huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Mwundaji akiondoa chujio la hewa na kufunga bomba la moshi lililo wazi zaidi, hewa huingia kwa wingi, lakini tundu la petroli katika kabureta hubaki lilelile. Mchanganyiko huwa mkavu, joto hupanda, na mwisho wake pistoni yaweza kutobolewa. Plagi ndiyo shahidi: ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni sawa; ikiwa nyeupe, injini inaungua; ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi.

Upepo: adui asiyeonekana

Sasa tufikie jambo ambalo wengi hulidharau. Sura ya pikipiki ya mkahawani hujulikana mara moja: usukani mfupi uliofungwa chini, kwenye nguzo zenyewe za uma wa mbele, vikanyagio vilivyorudishwa nyuma, tangi refu, kiti cha mtu mmoja chenye nundu mwishoni. Mtazamaji hudhani haya ni mapambo. Kumbe ndiyo mabadiliko yenye faida kubwa kuliko yote.

Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa kwa eneo la ukinzani, kisha kwa kipeo cha tatu cha mwendokasi. Densiti ya hewa ni karibu kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Eneo la ukinzani hutegemea umbo la chombo na mpandaji wake. Tuchukulie kwamba kwa mpandaji aliyeketi wima ni mita za mraba 0.6, na kwa aliyelala juu ya tangi ni 0.4. Katika kilomita 161 kwa saa, yaani mita 44.7 kwa sekunde, aliyeketi wima anahitaji kilowati 32. Aliyelala anahitaji kilowati 21 tu.

Injini yetu hutoa kilowati 34, lakini tukichukulia kwamba asilimia 15 hupotea katika giaboksi na cheni, gurudumu hupata 29. Kwa hiyo, hata tukiacha msuguano wa tairi, aliyeketi wima hawezi kufikia maili 100 kwa saa. Atakoma karibu kilomita 156 kwa saa. Aliyelala, kwa injini ileile na petroli ileile, atafika karibu 178. Kama aliyeketi wima angetaka kumfikia mwenzake kwa njia ya injini, ingempasa kuongeza nguvu kwa asilimia 50, jambo ambalo lingemgharimu fedha nyingi na pengine injini yenyewe. Usukani wa vipande viwili vya bomba umefanya kazi ambayo injini isingeliweza.

Malipo yake yapo pia. Mpandaji huelemea viganja vyake. Shingo na kiuno huuma. Mjini, ambako mwendo ni mdogo na upepo hausaidii kuinua kifua, mkao huo ni adhabu. Isitoshe, vikanyagio vikirudishwa nyuma, huenda wenzo wa gia ukafungwa kinyume, hata mpangilio wa gia ukageuka: palipokuwa kupanda pakawa kushuka.

Uzito, fremu na usukani

Mwundaji huondoa kila asichokihitaji: madigadi ya chuma, kiti kirefu, vifuniko, na pengine tangi la chuma hupisha la alumini. Pikipiki ya kilo 180 na mpandaji wa kilo 70 huwa kilo 250 pamoja. Kuondoa kilo 20 huongeza mchapuko kwa karibu asilimia 9, kwa kani ileile. Mwendo wa juu kabisa haubadiliki sana, kwa maana huo hutawaliwa na upepo, wala si uzito.

Katika kupunguza uzito ndipo msumeno hushikwa, na hapo yafaa kutua. Fremu si bomba tu; ni mfumo wa pembetatu na mizunguko ambamo kila kipande huzuia kingine kisipinde. Kipande kikikatwa, kani zake haziondoki bali huhamia kwa jirani. Vivyo hivyo, joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma pembezoni mwa mshono, na mahali hapo mtikisiko wa injini huweza kuanzisha ufa usioonekana kwa macho, ukakua polepole hadi siku ya kukatika. Hali kadhalika, kuinua nyuma au kushusha mbele hupunguza mwinamo wa uma. Kwa kawaida tairi la mbele hugusa ardhi nyuma kidogo ya mahali ambapo mhimili wa usukani, ukirefushwa, ungegusa. Umbali huo mdogo ndio unaosaidia kulirejesha gurudumu katika mstari, kama gurudumu la kitoroli cha sokoni linavyofuata nyuma ya egemeo lake. Ukipungua, pikipiki hugeuka upesi. Ukipungua kupita kiasi, usukani huanza kutikisika wenyewe katika mwendo mkubwa.

Breki: hesabu iliyosahauliwa

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu huko Birmingham, mji uliokuwa na viwanda vya Norton na BSA, aliunda Triton pamoja na mwanafunzi mwenzake. Kazi ilichukua majira mawili ya baridi katika banda la kupanga. Daftari lao lilikuwa na kurasa kumi na moja za hesabu za injini, na mbili za upepo. Ukurasa wa breki haukuwapo. Fedha zilikuwa zimekwisha kwenye kabureta, basi wakafunga breki ya mbele ya zamani, ile ya ngoma, yenye bitana zilizochakaa hata kung’aa. Walipoijaribu uani ilishika vizuri.

Asubuhi ya majaribio, mwenzake alipanda, na mwandishi akasimama chini ya mteremko akiwa na saa ya kupimia mkononi. Kona ya kwanza breki ilishika. Kona ya pili wenzo ulikuja hadi kwenye usukani bila kushika kitu, na pikipiki ikaenda moja kwa moja katika ukuta wa mawe. Mwenzake alivunjika paja. Hata leo mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na kila amwonapo akitembea, mwandishi hukumbuka ukurasa usioandikwa.

Tuuandike sasa. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha mwendokasi. Kwa kilo 250 zinazokwenda mita 44.7 kwa sekunde, nishati ni jouli 250,000. Breki haiifuti nishati hii. Huigeuza kuwa joto. Pikipiki ikifunga breki, uzito huhamia mbele. Kwa hiyo tuchukulie kwamba breki ya mbele hubeba asilimia 70, yaani jouli 175,000. Ngoma ya chuma yenye kilo 3, ambayo kila kilo huhitaji jouli 460 ili kupanda nyuzi moja ya Selsiasi, itapanda nyuzi 127 kwa kusimama mara moja. Ikisimama mara ya pili kabla haijapoa, itakuwa imepanda zaidi ya nyuzi 250. Katika joto hilo mambo mawili hutukia: bitana hupoteza msuguano, na ngoma hutanuka na kuviacha viatu vya breki. Mpandaji huvuta wenzo, nao hauna cha kukamata. Ile breki iliyoshika uani haikuwa imeulizwa swali lenyewe.

Umbali nao una hesabu yake. Kwa mpunguo wa mita 6 kwa sekunde kwa sekunde, pikipiki inayokwenda kilomita 161 kwa saa husimama baada ya mita 167, mbali na mita 45 zinazopita katika sekunde moja ya mpandaji kutambua hatari. Kwa nusu ya mwendo huo, mita 42 zatosha. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama huwa mara nne. Si ajabu, basi, kwamba Honda CB750 ya mwaka 1969 ilisifiwa si kwa silinda zake nne tu, bali pia kwa breki ya diski gurudumu la mbele. Diski hukaa wazi kwenye upepo, na ikitanuka kwa joto haiziachi pedi zake.

Utaratibu wa kazi

Kutokana na hayo, anayeunda pikipiki upya hana budi kufuata utaratibu. Kwanza, achunguze kama mashine aliyonayo ni adimu na kamili. Ikiwa ndivyo, heri aihifadhi ilivyo, kwani historia ikishakatwa kwa msumeno haiunganiki. Pili, aifungue hatua kwa hatua, akipiga picha na kuandika lebo. Tatu, apime kabla ya kununua: silinda imekuwa duaradufu kiasi gani, beringi zimelegea wapi, fremu imenyooka au imepinda. Nne, aanze na breki, tairi, spoki na beringi za magurudumu. Injini ije baadaye. Tano, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na kulipima, ili ajue ni lipi limeleta matokeo yapi. Huo ndio utaratibu wa maabara yoyote. Mwisho, mashine iliyokamilika ijaribiwe mahali palipofungwa, wala si katika barabara ya watu.

Hitimisho

Leo viwanda vyenyewe huuza pikipiki zenye sura ya mkahawani, na mtu aweza kuinunua tayari. Lakini somo lake halinunuliki. Nasi hapa Afrika ya Mashariki tunalo somo hilo karibu. Vijana wetu hutoboa sailensa, hubadilisha sproketi ili mwendo uongezeke, na hupakia abiria wawili au watatu juu ya breki zilizopimiwa mzigo mdogo. Kuwakemea hakutoshi. Tuwape kalamu na daftari, na tuwaombe wauandike ukurasa wa breki kwanza.

Maswali kwa wanafunzi

1. Injini ya silinda moja ina kipenyo cha milimita 56.5 na mpigo wa milimita 49.5. Tafuta ujazo wake.

2. Pikipiki na mpandaji wake wana kilo 190. Wanapoongezeka abiria wawili, jumla huwa kilo 310. Linganisha nishati ambayo breki zitaigeuza kuwa joto katika hali zote mbili, mwendo ukiwa kilomita 60 kwa saa.

3. Mwendo ukiongezwa kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama huongezeka mara ngapi, ikiwa mpunguo ni uleule?

4. Eleza kwa nini kupunguza uzito wa pikipiki huongeza mchapuko zaidi kuliko mwendo wake wa juu kabisa.